Sherifu katuletea kadi ya jirani aliyefungwa kwa kosa la mtoto. Hii sheria ya Marekani inasaidia kweli au ni geresha?

MamaNeema_Columbus

Habari zenu wakuu, wakubwa wote shikamooni. Naomba mawazo manake hapa nyumbani mimi na mzee hatuelewani kabisa. Tunakaa Columbus, Ohio, mtaa umetulia tu, sasa juzi kati nafungua boksi la posta nakuta kadi ya ofisi ya sherifu, ina picha ya mwanaume, jina, anwani, kosa lililomfunga (la mtoto chini ya miaka 13) na imeandikwa Daraja la 3. Kuangalia ile anwani, ni ng'ambo ya barabara hapo mbele kidogo. Mwili wote ulinisisimka. Nikaingia kwenye tovuti yao nikaandika anwani yetu, weee, ramani imejaa vidoti, kumbe sio huyo peke yake, huyu kaletewa kadi kwasababu ni daraja la juu, wale wa chini wapo tu kwenye mtandao.

Baba Neema anaendesha lori, siku nyingi hayupo, yeye anasema tuvunje mkataba tuhame hata kesho. Mi namuuliza tuhamie wapi, kila zip kodi nikiandika vidoti vipo. Afu nimesoma kwamba hapa Ohio mtu wa hivyo haruhusiwi kukaa ndani ya futi 1,000 kutoka shule au dei kea, kama mita 300 hivi. Shule ya Neema iko mbele ya hapo kidogo, kwahiyo jamaa yupo kihalali kabisa, ila asubuhi akitaka anapita pale getini na kahawa yake mkononi na hakuna wa kumuuliza. Sasa hizo futi zinamzuia nini?

Swali langu: hizi sheria za kuwaandikisha, kuwatangaza na kuwakataza kukaa sehemu fulani zinapunguza watoto kuharibiwa au zinatutia tu presha sisi wazazi? Na kule Bongo kwenye grupu la familia nao wamechangamka, wanataka Tanzania iwe na tovuti kama hii. Naomba majibu ya wanaojua, matusi sitaki.

Kipara_Buguruni

Sheria za kudekezana hizo. Mtu kaharibu mtoto wa watu afu anapewa nyumba na kadi za picha juu. Mhasi, mfungie hukohuko mpaka aote mvi, mjadala umeisha.

mzee_wa_baridi

Mama Neema pole sana, hiyo kadi hata mi ningeishika mara mbili mbili. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya mpito hapa Minnesota, yaani watu wakitoka jela wanapitia kwetu kwanza kabla hawajaachiwa kabisa, kwahiyo hao wa kwenye kadi nakaa nao, nawahesabu usiku, naandika kwenye daftari nani karudi saa ngapi. Siwatetei, wengine ukisoma faili unakosa hamu ya kula. Ila umeuliza kama sheria inafanya kazi, nitakujibu hilo.

Kwanza tusichanganye. Rejista ni polisi kujua fulani anakaa wapi, gari lake namba gani, kazi anafanya wapi. California walikuwa nayo tangu 1947 na raia wa kawaida hata hajui kama ipo. Kutangaza, yaani hiyo kadi na ramani, ni mambo ya miaka ya 90. Hizo futi ndo zimekuja kushika kasi baadae, miaka ya 2000 kila mji unataka ziwe nyingi kuliko za mji wa jirani.

Na ukiangalia zilikotoka utaona tatizo lilipo. Oktoba 1989 huku kwetu mji unaitwa St. Joseph, mtoto wa miaka 11, Jacob Wetterling, alikuwa anarudi nyumbani na baiskeli jioni, jamaa kavaa kitu usoni ana bastola akamchukua. Mama yake, Patty, akapambana mpaka 1994 ikapita sheria ya taifa inayobeba jina la mwanae, kila jimbo liwe na rejista. Mwaka huohuo wa 94 New Jersey akauawa binti wa miaka 7, Megan Kanka, na jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyeshawahi kufungwa kwa kudhuru watoto na wazazi wa Megan walikuwa hawana habari. Hapo ndo ikaja sheria ya Megan, 1996 ikawa ya nchi nzima, kwamba haitoshi polisi kujua, majirani nao waambiwe. Ukisikia kisa cha Megan huwezi kupinga hiyo kadi yako, nakubali.

Lakini mwili wa Jacob ulikuja kupatikana 2016, miaka 27 baadae, na aliyemuua alikuwa mtu wa maeneo yaleyale, polisi walishamhoji tangu mwanzo kabisa wakamwachia. Hakuwahi kufungwa kwa kosa la namna hiyo kabla ya pale, kwahiyo rejista hata ingekuwepo asingekuwemo. Na Patty mwenyewe, yaani mama mzazi, ameshasema hadharani mara kadhaa kwamba hizi sheria zimepanuliwa kupita alichokuwa anakitaka.

Sasa futi. Mwaka 2007 idara ya magereza ya hapa Minnesota walichukua mafaili ya watu 224 waliotoka jela kati ya 1990 na 2002 wakaja kufungwa tena kwa kosa jipya la kingono, wakapitia moja moja wakijiuliza, huyu angekatazwa kukaa karibu na shule au uwanja wa watoto, kosa lisingetokea? Jibu likawa hakuna, hata mmoja kati ya 224. Wengi walimpata mtoto kwa kupitia mtu mzima, jamaa anaanzisha uhusiano na mama mwenye watoto, anahamia pale, anakuwa baba wa kambo. Na wale wachache waliofuata watoto wasiowajua walikwenda mbali na kwao kwasababu mtaani wanajulikana. Sheria inamkataza mahali pa kulala, wakati huko kulala ndo muda ambao hana madhara kwa mtoto wa shule.

Ngoja nikupe picha. Mtu wetu akikaribia kutoka tunakaa nae mezani tumtafutie chumba, tunafungua ramani ya mji ambao una hilo katazo, kila shule duara, kila dei kea duara, kila bustani duara, mpaka ramani inakuwa nyekundu tupu. Panapobaki peupe ni maghala, barabara kuu, reli na makaburi. Ukipata nyumba moja mahali peupe mwenye nyumba akisikia kosa anakata simu. Halafu mwezi ukiisha huyo mtu hana anwani, analala kwenye gari, na ofisa wake hajui kalala wapi. Mama Neema, kati ya yule unayejua yuko namba fulani ng'ambo ya barabara na yule ambaye hakuna anayejua yupo wapi, mi namuogopa wa pili.

Kipara_Buguruni

Mzee wa baridi umekaa nao sana mpaka umewazoea. Wakilala makaburini kwani shida iko wapi

mzee_wa_baridi

Shida ni kwamba halali makaburini kaka, analala kwa mwanamke mwenye watoto ambae hajui kitu.

Dereva_wa_Kusini

Hilo la ramani kwetu Florida lilitokea kweli, nilikuwa napita juu yake na teksi kila siku. Miami kuna daraja refu la kwenda ufukweni, Julia Tuttle Causeway. Kaunti ya Miami-Dade walipitisha 2005 kwamba futi 2,500 kutoka shule, zaidi kidogo ya mita 750, na mji umebanana ule, shule kila kona, matokeo yake hakuna pa kukaa. Jamaa wakawa wanaishi chini ya daraja, mahema, vibanda vya mbao, jenereta ya kuchajia zile bangili za mguuni za kufuatilia walipo, kuna kipindi walizidi 70. Na sio kwamba walijificha, maofisa wanaowasimamia walikuwa wanakuja usiku kuwahakiki palepale. Juu yanapita magari ya watalii chini kuna kijiji cha watu waliotoka jela, na serikali inajua. 2010 ndo wakafumuliwa, baadae wakaonekana wamejibanza sehemu ya maghala huko karibu na Hialeah.

Aliyepigia debe sana hizo futi ni mzee mmoja wakili anaitwa Ron Book, ana nguvu sana kwenye siasa za huku, na nisimseme vibaya manake binti yake aliharibiwa miaka kadhaa na yaya aliyekuwa anaishi nao nyumbani. Yaya! Huyo binti, Lauren Book, akaja kuwa seneta wa jimbo. Sasa jiulize futi 2,500 zingemzuia vipi yaya aliyelala chumba cha pili.

Nyakato_Houston

Nimesoma wote nimenyamaza sasa niseme. Mi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii hapa Texas, kesi za watoto ndo kazi yangu, na naona huu uzi unaelekea kuwaonea huruma watu wasiostahili.

Watu wakitaka kupinga rejista wanakimbilia takwimu za wizara ya sheria. Ni kweli zipo. Wahalifu wa kingono waliotoka jela mwaka 1994, ndani ya miaka 3 waliokamatwa tena kwa kosa la kingono ni asilimia 5.3. Waliotoka 2005, wakafuatwa miaka 9, waliokamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la kingono ni asilimia 7.7. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ile namba ya kwamba asilimia 80 wanarudia, aliyoiandika Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu mwaka 2002 ukiifuata mpaka mwanzo wake unakuta makala ya jarida la 1986, ya mtu aliyekuwa anaendesha tiba gerezani, bila utafiti wowote nyuma yake. Yote sawa. Lakini jamani hizo ni za WALIOKAMATWA. Mi nakaa na mtoto wa miaka 8 kwenye chumba chenye midoli inamchukua miezi kuniambia neno moja, wengine hawasemi mpaka wazeeke. Kwahiyo mtu asiniambie asilimia 5 kama vile ndo hesabu ya matukio.

Ila (na hapa Kipara usishangilie) hizo futi hata mimi sizitetei, na sio mimi tu. Iowa waliweka futi 2,000 zikaanza kutumika 2005, haukupita muda idadi ya wasiojulikana walipo ikaongezeka zaidi ya mara mbili, 2006 chama cha waendesha mashtaka wenyewe wa Iowa, watu ambao kazi yao ni kuwafunga hao jamaa, wakatoa tamko kwamba katazo halilindi watoto, lifutwe. 2009 bunge likalipunguza likabaki kwa makosa mazito, badala yake wakaweka sehemu ambazo mtu haruhusiwi KUWEPO, mfano uwanja wa shule, na kuzubaa ndani ya futi 300 kutoka hapo. Mama Neema hicho ndo ulichokuwa unauliza, yule wa kahawa getini. Kwa akili ya kawaida hiyo ina maana kuliko kupima kitanda chake kiko wapi. Huyo wako kama bado yuko kwenye parole (katoka jela ila anasimamiwa kwa masharti) anaweza kuwa ana masharti ya hivyo, piga simu kwa sherifu waulize, ni haki yako na wanajibu.

Kuhusu rejista yenyewe na kutangaza, kuna utafiti wa 2011 wa Prescott na Rockoff, walipitia majimbo mengi. Waliona rejista ya polisi inapunguza makosa, hasa kwa watu wa karibu na mhalifu. Kutangaza kwa umma kunaweza kumtisha mtu ambaye hajawahi kufanya, asifanye, lakini kwa waliokwishatangazwa kukaonekana kunawaongezea kurudia, manake hana kazi, hana nyumba, hana cha kupoteza. New Jersey kwenyewe nyumbani kwa Megan wakapima 2008, hawakuona sheria imepunguza kurudia. Kwahiyo polisi wajue, shule wajue, waajiri wajue. Ramani ya kila mtu ndo nina mashaka nayo.

wakili_msomi254

Salamu kutoka Nakuru. Hilo swali la mwisho la dadangu, kama huku kwetu tuwe na tovuti, watu wengi hawajui Kenya tayari rejista iko kwa sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile aliipigania Njoki Ndung'u akiwa mbunge (sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu), kifungu cha 39 kinasema msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliopatikana na hatia. Si ramani ya kila mtu na simu yake.

Lakini mnieleze, nani atakuwa ndani ya hiyo orodha? Mimi niko kortini kila wiki. Huku unajisi wa mtoto wa miaka 11 kushuka ni maisha, 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, 16 na 17 si chini ya 15. Kesi ngapi nimeona ni kijana wa 19 na msichana wa 17, walikuwa wapenzi, msichana amepata mimba, baba mtu amekasirika ama wameshindwana kwa mahari, kijana anaingia ndani miaka 15. Mahakama ya Rufaa 2019 kwa ile kesi ya Wambui ilisema wazi nchi ijadili upya hii mambo ya umri. Sasa ukianika hiyo orodha kwa mtandao, huyo kijana na yule amenajisi mtoto wa nursery wanakaa ukurasa mmoja, mama mwenye hofu hawezi jua ni gani wa kuogopa. Na huku kwetu si kadi watu watatuma, ni tairi. Mnajua venye watu hufanya mwizi wa kuku.

Kitu naona inafanya kazi Kenya ni ndogo na haina kelele. TSC, ile tume ya kuajiri walimu, wakimfuta mwalimu kwa kosa la wanafunzi wanachapisha jina lake, na shule inayomwajiri baada ya hapo haiwezi sema haikujua. Hapo umefunga mlango ambao alikuwa anapitia.

Bi_Shufaa_Leicester

Nami niongeze la huku Uingereza maana wametangulia kuungua. Mwaka 2000 aliuawa mtoto wa miaka 8, Sarah Payne, nchi ikawaka moto, gazeti moja likaanza kuchapa picha na majina ya wahalifu. Mwezi Agosti watu wa Paulsgrove, Portsmouth, wakaingia barabarani usiku baada ya usiku, magari yakachomwa, familia zikakimbia nyumba zao na wengine walikuwa hawana kosa lolote, wamesingiziwa tu. Na huko kwenu Marekani 2006, jimbo la Maine, kijana alitoka Kanada, akachukua anwani kwenye tovuti, akawaua kwa bunduki watu wawili majumbani kwao. Mmoja wao kosa lake alikuwa na miaka 19 na mpenzi wake alibakiza wiki chache kutimiza 16.

Kwahiyo huku hawakuweka ramani. Mtu akitoka jela anaripoti polisi ndani ya siku 3, akihama anaripoti, polisi wanamtembelea. Halafu kuna utaratibu watu wanauita sheria ya Sarah, ulianza kwa majaribio 2008 ukaenea nchi nzima baadae: wewe mzazi ukiwa na shaka na mtu fulani anayekaribia mtoto wako, tuseme mchumba mpya wa dada yako, unakwenda polisi unauliza. Wanachunguza, kukiwa na hatari wanakuambia wewe unayemlea mtoto, na unakatazwa kulitangaza. Mimi niliwahi kuuliza kuhusu mtu aliyekuwa anafundisha watoto wa jamaa zetu kuogelea. Wakaja nyumbani kunihoji, wastaarabu tu, kitambulisho wakataka, mwisho wakasema hakuna la kuniambia. Basi. Sikumpaka mtu matope wala sikukaa na dukuduku.

MamaNeema_Columbus

Asanteni sana, kweli hapa kuna watu. Mzee wa baridi nimemsomea Baba Neema lile jambo la 224 akiwa kwenye simu huko Kentucky, kanyamaza kidogo akasema bado anataka kuhama 😅 nimemwambia turudi kwenye mazungumzo akishusha mzigo. Nyakato nimepiga simu ofisi ya sherifu, mama mmoja kanipokea vizuri, kasema yule yupo chini ya uangalizi na kwa daraja la 3 lazima afike ofisini kwao kila siku 90, daraja la 2 kila miezi 6, la kwanza mara moja kwa mwaka. Kidogo nimepumua.

Ila sasa mmenitia wazo jingine. Kuna mtu wa upande wa mume wangu anakuja kukaa kwetu mpaka apate chumba chake, ni ndugu, sina baya nae lolote. Mpango ulikuwa alale chumba cha Neema, Neema na kaka yake wahamie sebuleni au alale nao hukohuko kwenye kitanda cha juu kama tulivyolelewa sote. Baada ya kusoma hapa nimeshindwa kulala. Nitamwambiaje mume wangu nisionekane namshuku ndugu yake?

Nyakato_Houston

Usimshuku mtu, weka utaratibu wa nyumba. Mgeni halali chumba cha watoto, awe mjomba, awe binamu, awe mchungaji au ustadhi, awe hata shangazi. Sebuleni kuna kochi. Ukifanya ni sheria ya kila mgeni hakuna wa kukasirika, na ukimfanyia huyu mmoja tu ndo utakuwa umemtuhumu. Mwambie mumeo hivyohivyo, "nyumba yetu wageni wanalala sebuleni," nukta.

Na nakupa namba moja uiweke kwenye grupu la familia. Takwimu za wizara ya sheria za mwaka 2000, kwa watoto chini ya miaka 18 waliodhalilishwa na polisi wakaarifiwa, asilimia 34 ni mtu wa familia, asilimia 59 ni mtu wanayefahamiana nae, na mtu baki kabisa ni asilimia 7. Hiyo ramani yako imeshughulika na 7, na hata hiyo 7 ni wale tu waliowahi kufungwa.

Kipara_Buguruni

Haya hapo kwa mjomba nimeelewa. Mtaani kwetu palitokea, kila mtu alikuwa anamuangalia jamaa mvuta bangi wa pale kona, kumbe ni babu yake mtoto. Na unajua kilichofanyika? Wazee wamekaa kikao, mbuzi katolewa, wakayamaliza kifamilia. Sheria ya Tanzania miaka 30 kwa kubaka, mtoto chini ya miaka 10 ni maisha, ipo kwenye vitabu tangu 1998, na babu yupo anacheza bao.

mzee_wa_baridi

Kipara leo umeongea. Hapo ndo jibu la tovuti ya Tanzania. Rejista inajazwa na mahakama, mahakama inajazwa na ushahidi, na ushahidi umeishia kwenye kikao cha mbuzi. Ule utafiti wa 2009 wa UNICEF na Muhimbili ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamepitia ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, wavulana 1 kati ya 7. Ukiweka ramani leo itakuwa nyeupe mtaa mzima na watu watasema mtaa wetu salama. Bora hela ya tovuti iende kwenye dawati la jinsia la polisi na hospitali, mtoto afike siku hiyohiyo kabla hajaogeshwa, PF3 (ile fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali) ijazwe na daktari aliyefundishwa, akiitwa mahakamani awe na nauli ya kuja.

paralegal_wa_Dallas

Nimechelewa lakini niweke moja kwa wazazi wa diaspora wenye vijana wa kiume, manake mnaongea kana kwamba orodha ni ya watu wengine. Mimi nashika mafaili ya uhamiaji. Umri wa kisheria wa kukubali ngono unatofautiana kila jimbo, Ohio 16, hapa Texas 17, California 18, na kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma hakuna aliyemwambia hilo. Akipatikana na hatia, rejista ya taifa tangu sheria ya Adam Walsh ya 2006 ni miaka 15, 25 au maisha kutegemea na daraja, hata mtoto wa miaka 14 anaweza kuwekwa kwa makosa mazito. Akihama jimbo bila kujiandikisha ni kosa la shirikisho, mpaka miaka 10 jela. Kosa likihusu mtoto, hata akiwa raia anaweza kuzuiwa kuwaombea mke au wazazi waje. Na kwa sheria ya 2016 pasipoti yake inawekwa maandishi kwamba mwenye nayo alipatikana na kosa la kingono dhidi ya mtoto, na akitaka kwenda nje lazima aarifu siku 21 kabla, wakati mwingine nchi anayokwenda inatumiwa taarifa kabla hajapanda ndege.

Na mtu akiletewa makubaliano ya kukiri kosa asisaini kwasababu tu ameambiwa hutalala jela. Amuulize wakili wake maswali mawili, naingia kwenye rejista au siingii, na kama naingia ni daraja la ngapi. Nimeona waliosaini bila kuuliza.